Mbao Alizozichagua Wilbroad

Nilistaafu mwaka jana kwa sababu ya magoti. Fundi wa sakafu za mbao hafanyi kazi kwa mikono peke yake, anatambaa. Jumapili wenzangu wanapopiga magoti kanisani, mimi hubaki nimekaa kwenye benchi na kumwomba Mungu aelewe kwamba zamu yangu niliimaliza kati ya Jumatatu na Jumamosi. Ninyi mliobaki karakanani mmeniomba niandike nilichojifunza kuhusu kuchagua mbao za sakafu ya nyumbani. Nitaandika. Lakini siwezi kuandika habari za mbao nikamwacha Wilbroad, na siwezi kumwandika Wilbroad bila kuwaambia wazi kwamba nimemwonea wivu kwa muda mrefu kuliko niliokaa na mke wangu.

Nilizaliwa Chonyonyo, kwenye migomba na kahawa, na nilifika karakanani nikiujua mti kwa matunda yake na kwa kuni zake tu. Karakana ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya Omurushaka. Mkuu wake alikuwa Mzee Evodius, Mlutheri kutoka Muleba, mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kujibu swali kesho yake. Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Alinionyesha rundo la mbao kwenye kona moja ya banda, akaniambia nizihamishie kona ya pili. Nilipomaliza akaniambia nizirudishe. Jioni, mabega yakiniwaka moto, akaniuliza zipi zilikuwa nzito. Nikamwambia zote.

"Nzito kwa mti au nzito kwa maji?" akauliza.

Kesho yake nikazihamisha tena. Hilo ndilo swali la kwanza la sakafu, na hadi leo nawaona mnaliruka. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka rangi ile ya kahawia inayong'aa, nanyi mnaanza kubishana naye habari za rangi. Rangi mtaikuta kwenye kopo la vanishi. Ubao wenye maji ukiulaza leo, kiangazi utasinyaa na kuacha nyufa za kupitisha sarafu. Ubao mkavu nao ukiubana hadi ukutani bila kuuachia nafasi, masika utavimba na kuinuka. Uliza kwanza mti ulikatwa lini na mbao zimelala wapi tangu hapo.

Ndipo uje kwenye mti wenyewe. Mzee Evodius alitufundisha kuubonyeza ubao kwa ukucha wa dole gumba. Msindano unabaki na alama, kwa hiyo usiuweke sebuleni kwa mtu mwenye viti vya chuma, wala kwa mwanamke anayependa viatu vya kisigino, maana utalaumiwa wewe na si viatu. Mgrevilea una madoa mazuri kama magamba ya samaki, lakini unapasuka ukiupiga msumari bila kuutoboa kwanza. Mvule ni mti wa heshima, ila ndani yake mna vijiwe vinavyokula meno ya msumeno, na kuupata kwa kibali siku hizi ni kazi ya kuzunguka ofisi hadi soli ziishe. Mninga hauna mpinzani. Mvua ije, jua liwake, unakaa pale ulipouweka. Unatoka mbali, upande wa Tabora, na kila anayejenga anautaka. Mkaratusi tunao kila kilima, mgumu na wa kudumu, lakini una hasira: ukiupasua vibaya au ukiukausha kwa haraka, unajipinda na haurudi tena.

Haya yote niliyashika mapema. Nilikuwa fundi pekee ambaye Mzee Evodius alimtuma kwa wateja bila kumfuata nyuma kukagua. Kisha akaja Wilbroad.

Alikuwa Mhaya, Mkatoliki, kutoka huko huko Muleba kwa Mzee Evodius. Walikuwa wakizungumza Kihaya wakati wa chai, na kwa kuwa Kinyambo chetu kiko karibu sana na Kihaya, nilielewa kila walichocheka. Afadhali nisingeelewa. Miaka yote niliyofanya kazi na yule mzee sikujua kwamba ana mwanya kwenye meno ya juu, mpaka Wilbroad alipomchekesha.

Kwa kazi hakunizidi. Kona zangu zilikutana vizuri kuliko zake, na mimi sikuwahi kuchelewa. Lakini Wilbroad alikuwa na tabia moja ambayo sikuipenda kwa sababu sikuwa nayo: akiingia kwenye nyumba ya mtu, alikaa kwanza. Mimi naingia na futi mkononi. Yeye alikuwa anakaa, anakunywa uji au chochote alichopewa, anauliza nani analala chumba gani, mtoto anatambaa wapi, mvua inaingia kwa dirisha lipi. Nilikuwa namaliza kupima nyumba nzima kabla hajasimama. Halafu mteja akirudi karakanani, anamuulizia yeye.

Mzee Evodius alipoondoka kurudi kwao, alikuwa na randa yake ndefu ya chuma ambayo niliinoa mimi kwa miaka. Nilikuwa nimeshaitengenezea mahali kwenye sanduku langu, nafasi ya urefu wake kamili. Siku ya kuagana alimpa Wilbroad. Mbele ya wote akasema, "Novatus haihitaji, mikono yake imenyooka bila randa." Watu wakapiga makofi. Sifa hiyo nimekaa nayo hadi leo, lakini sifa hairandi ubao. Ile nafasi kwenye sanduku niliijaza misumari.

Nikaendelea na kazi. Nililaza sakafu ya mfanyabiashara wa kahawa pale Omurushaka, mninga mtupu kuanzia mlangoni hadi jikoni. Rubwera niliitwa kwenye nyumba ya mtumishi mmoja na mkewe, ambao mafundi wa kupita waliwalazia mgrevilea mbichi ili sherehe ya binti yao isicheleweshwe. Kiangazi kilipoingia, mbao zikasinyaa na kujikunja hadi meza ikawa inayumba. Nilibandua kila ubao, nikazipanga nje chini ya kivuli na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, nikaondoka, na nilirudi kuzilaza zilipokauka. Kazi ngumu, na ilitoka safi. Mama mwenye nyumba alinishukuru, akanipa ndizi na nyama, kisha akaniuliza kama yule mwenzangu anayecheka mzima. Alikuwa amekutana naye mara moja tu, tena njiani.

Sasa niwaambie habari ya Bibi Kezia, kwa sababu katika kazi zangu zote hiyo ndiyo niliyoifikiria zaidi.

Bibi Kezia alikuwa wa familia ya wafugaji upande wa Kyerwa, kwenye nyika ya wazi ambako nyumba inaonekana kabla hujajua utaifikiaje. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amemjengea nyumba ya tofali na saruji, na saruji ilikuwa inamuumiza miguu kwa baridi. Alitaka sakafu ya mbao. Jambo jingine ni kwamba Bibi Kezia alikuwa haoni. Macho yalikuwa yamekwisha miaka mingi nyuma.

Tulienda mimi na Wilbroad. Nilibeba vipande vya mbao vya kuonyesha, vimepigwa msasa na vanishi. Mtoto wake akachagua mninga mara moja kwa rangi yake, na Wilbroad, kama kawaida, alikuwa ameshakaa na bibi barazani akimuuliza majina ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyesikia bibi akilalamika, kwa Kinyambo, kwamba nyumbani kwa zamani alijua nani anaingia kwa mlio wa miguu kwenye udongo uliokauka, lakini kwenye saruji watu wanamtokea kama mizimu. Nikaweka chini mapapi mawili, zile mbao nyembamba za kuezekea, nikalaza juu yake ubao mmoja mmoja, nikamwomba mtoto wake apite juu yake, kisha mjukuu, kisha mimi. Mninga ulitoa sauti nzito, ya chini, nzuri kwa mtu mwenye macho. Mkaratusi ulijibu kila hatua, kavu na wazi.

Bibi akainua mkono. "Huo," akasema. "Huyo aliyepita sasa anachechemea mguu wa kushoto."

Nilikuwa mimi, na nilikuwa nachechemea kweli. Magoti yalikuwa yameshaanza.

Tukalaza mkaratusi. Niliuchagua mwenyewe, ubao kwa ubao, uliokwisha kukaa bandani muda mrefu, nikakataa kila uliokuwa na dalili ya kujipinda. Ilikuwa kazi yangu bora. Bibi Kezia alipita chumba hadi chumba bila fimbo, na kila aliyeingia alimtaja jina kabla hajasalimiwa. Wajukuu waligeuza jambo hilo kuwa mchezo, wakawa wanaingia kwa kunyata, na yeye anawashika wote.

Siku ya kuondoka, bibi aliagiza mtamba mweupe mwenye mabaka mekundu aletwe mbele ya nyumba. Kwa watu wale huo haukuwa ujira. Ujira tulikwisha kulipwa. Mtu akikupa ng'ombe kutoka mikononi mwake, amekufanya ndugu. Akauliza Wilbroad amesimama wapi, akamshikisha kamba. Mimi alinipa mkono na maziwa ya mgando, akaniambia miguu yangu niichunge.

Njiani Wilbroad alisema yule mtamba ni wetu wote wawili, maana wazo la mkaratusi lilikuwa langu. Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na hapo ndipo ugumu wa kumwonea wivu mtu wa namna ile unapoanza, kwa sababu hata nafasi ya kumchukia hakuachii. Nikamjibu kwamba sina pa kufugia. Mtamba akaenda kwake, akazaa, na tangu hapo Wilbroad akawa anapita nyumbani kwangu Chonyonyo mara kwa mara na chupa ya maziwa. Mara nyingi alinikosa, niko kazini. Alimkuta mke wangu.

Mke wangu anaitwa Koleta. Kwa miaka yote hiyo niliyokuwa nawalazia watu mbao, yeye alikuwa anafagia saruji. Hakulalamika mbele yangu. Nilipoamua kustaafu nilimwambia kwamba kazi yangu ya mwisho itakuwa sebule yake na chumba chetu, na kwamba nimeshaagiza mninga kwa muuza mbao wa Omurushaka, mzuri kuliko ule wa yule mfanyabiashara wa kahawa. Nilitegemea afurahi.

"Mwite kwanza Wilbroad aje achague," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamkumbusha kwamba fundi wa sakafu yumo ndani ya nyumba hii, anakula hapa, analala hapa.

"Wewe utalaza, Baba Jeni. Hakuna anayelaza kama wewe. Lakini yeye ndiye anajua mbao ninazozitaka."

"Na mimi mumeo sizijui?"

Aliendelea kumenya ndizi, na hakuonekana mwenye hasira wala aibu. Usingizi haukunijia vizuri siku zile. Nilijikuta nahesabu chupa za maziwa.

Wilbroad alikuja kwa bodaboda, akashushwa na kijana wa bodaboda kama mzigo wa mayai. Alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla, na upande wake wa kulia haukuwa umerudi sawasawa. Alikuwa mjane pia. Koleta alimwamkia, akamwekea kiti, akamletea chai, na nilimwona anaikoroga sukari kwa ajili yake bila kuuliza ni vijiko vingapi. Jambo dogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauwezi kijiko, mtu yeyote angefanya hivyo. Niliona tu.

Nikampeleka kwenye mninga wangu, niliokuwa nimeupanga chini ya paa. Aliugusa kwa mkono wa kushoto, akaubonyeza kwa ukucha, akasema ni mninga mzuri kuliko wote aliouona kwa miaka. Alimaanisha. Halafu akamgeukia mke wangu.

"Shemeji, ile miti yako bado ipo?"

"Ipo," akasema Koleta.

Wakaenda nyuma ya nyumba, yeye na fimbo yake, Koleta pembeni, mimi nyuma yao kama mgeni. Mwisho wa shamba letu, pale migomba inapoishia na upepo wa nyika unapoingilia, ipo safu ya mishambya. Mnaujua omushambya, ule wa maua ya manjano ulioko karibu kila shamba. Koleta aliipanda mwaka tulipooana, upepo ulipoangusha migomba yetu. Mimi nilikuwa naijua kwa kukatia matawi ya kutegemezea mikungu. Sikuwahi kuinua macho kuona imefika wapi. Imefika mbali. Ilikuwa imesimama wima, minene kuliko ninavyoweza kuikumbatia, na kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu haikuwa na tawi hata moja.

Wilbroad akanieleza, kwa utaratibu, maana ulimi wake pia ulikuwa umeguswa na ule ugonjwa. Siku moja ya zile za maziwa, zamani, aliiona ingali midogo, akamuuliza Koleta nani kaipanda. Akamwambia kwamba akiikata matawi ya chini kila mwaka ingali laini, mbao zake hazitakuwa na vifundo, na siku moja zitamtosha sakafu. Mbao za omushambya ni za njano iliyopoa, mchwa hawazipendi, na hazina baridi ya saruji. Yeye mwenyewe alikuwa amezilaza nyumbani kwake. Koleta alikuwa amezikanyaga siku za msiba wa mke wa Wilbroad, alipokwenda kusaidia kupika.

Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikikatika, mke wangu alikuwa anachukua panga na kwenda kuikata matawi. Nilikuwa namwona akirudi na mzigo. Nilidhani anatafuta kuni.

Nilimuuliza Koleta kwa nini hakuniambia hata siku moja.

"Ungesema ni miti ya fito," akajibu.

Na kweli ningesema hivyo. Nilisimama pale nikiwa na wivu wa aina ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Wivu wa randa unaisha ukinunua randa nyingine. Huu ulikuwa wivu wa swali. Mtu mwingine alikuwa amesimama mahali ninapopita kila siku, akamuuliza mke wangu swali moja, nani kaipanda, na swali hilo ningeweza kuliuliza mimi bila gharama yoyote. Hapakuwa na jambo jingine lolote kati yao, na ningependa kidogo lingekuwepo, ili niwe na cha kukasirikia.

Tukafuata kibali kwa afisa misitu, tukaikata ile mikubwa na kuiacha midogo iendelee kuzuia upepo. Wapasuaji walikuja, nikasimama juu yao hadi ubao wa mwisho. Nikazipaka rangi kwenye ncha ili zisipasuke, nikazipanga kivulini, vijiti kati yake, mawe juu yake. Kisha tukangoja. Ubao wa inchi moja unataka mwaka, msidanganywe na anayewaambia vinginevyo. Masika ikapita, kiangazi kikapita. Mninga wangu niliufanya milango nikaipeleka kwa binti yetu Jeni, ambaye aliipokea kwa furaha niliyokuwa nimeipanga kwa mtu mwingine.

Siku za kulaza, Wilbroad alikaa kwenye kiti katikati ya sebule, na mimi nikawa chini, kwa magoti niliyoahidi kutoyatumia tena. Yeye alipanga. Alionyesha kwa fimbo: huo, kisha huo, mbao za mti mmoja zikae pamoja, ule uliopauka usogee dirishani ambako jua litaupausha zaidi. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu aliyepoteza pete, na sikulipata. Ilikuwa inatoka kama shamba lenyewe mchana, njano ikiingia polepole kwenye kahawia. Mimi nilibana viungo, nikatoboa, nikapigilia, nikaacha nafasi ya kidole kwenye kuta zote. Hata yeye hakupata kosa kwangu, na alisema hivyo, ila alisema akimwambia Koleta.

Nilipomaliza msasa na vanishi ikakauka, Koleta alivua ndara mlangoni, akaingia. Alitembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Alikuwa anatazama chini, na nilitambua kwamba alikuwa anatafuta ni ubao upi umetoka kwenye mti upi. Kila alipoutambua alisimama kidogo. Mimi nililaza kila ubao kwa mikono yangu, na sikuweza kumwambia hata mmoja ulitoka kwenye mti gani.

Wilbroad akaomba naye apite. Akavua viatu kwa shida, akaacha fimbo kwa sababu hakutaka ikwaruze vanishi. Koleta akaja akamshika mkono wa kushoto, ule mzima. Wakaanza kutembea taratibu, mguu wake wa kulia ukiburuta kwenye ile njano, na mke wangu akimwambia kwa sauti ya chini, huu ni ule wa mwisho kabisa, huu ni ule uliokuwa karibu na mtaro.

Nilivua viatu vyangu. Magoti yakaniuma nilipoinuka, sikujali. Nikaingia, nikamshika Wilbroad mkono wa kulia, ule usio na nguvu, nikaubeba uzito wake wote upande wangu. Akageuka akanishukuru, akaniita ndugu yangu. Sikumshika kwa wema. Nilimshika ili Koleta anisimulie na mimi.